Mashine ya kuonyesha samaki isitangulie ndoano

MASHINE za kuonyesha samaki, ambazo miaka ya nyuma zilikuwa mali ya meli kubwa na vyombo vya utafiti, siku hizi zinatengenezwa kwa umbo dogo la kutosha kufungwa hata kwenye mtumbwi wa watu wawili. Kwa mvuvi mdogo wa sangara katika Ziwa Victoria, ambaye kila siku anachoma mafuta akibahatisha samaki walipo, kioo kinachomwonyesha kilichopo chini ya chombo chake ni kishawishi kikubwa.

Sina ugomvi na mashine hizo. Kinachonisumbua ni utaratibu wa manunuzi. Mvuvi mwenye fedha kidogo, na mara nyingi fedha zenyewe ni za mkopo, akianza na mashine huku ndoano zake ni butu, mshipi umechoka na hana hata jaketi la kujiokolea, atakuwa amejenga nyumba kwa kuanzia paa. Ataona samaki wengi kwenye kioo na wachache kwenye mtumbwi, na deni litabaki pale pale.

Ni vyema kwanza tukaelewa mashine yenyewe inafanya nini. Kichwa chake kinachozamishwa majini hutuma mlio ambao sikio la binadamu haliusikii. Mlio huo husafiri kwa kasi ya karibu mita 1,500 kwa sekunde, ukigonga kitu hurudi, na mashine huhesabu muda uliotumika na kuugeuza kuwa kina. Katika mwili wa sangara, sehemu inayorudisha mlio kwa nguvu zaidi ni bondo, kwa sababu lina hewa ndani yake. Yaani bondo lile lile linalogombewa na wanunuzi mwaloni ndilo linalomsaliti samaki kwenye kioo.

Watafiti wa ziwa letu wanaifahamu mbinu hiyo kwa muda mrefu. Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania (TAFIRI) na wenzao wa Kenya na Uganda, kupitia Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria (LVFO), wamekuwa wakitumia mlio wa namna hiyo kukadiria wingi wa sangara na dagaa. Lakini wao hupita ziwa zima kwa mistari iliyopangwa. Mvuvi wa mtumbwi anaona sehemu ndogo sana.

Ndogo kiasi gani? Mlio hutoka kwa umbo la pia, mwembamba juu na mpana chini. Mashine yenye pembe ya nyuzi 20, ikiwa kwenye kina cha mita 20, inaona duara lenye upana wa takriban mita saba tu. Kwenye kina cha mita tano duara hilo halifiki hata mita mbili. Ziwa lina kilomita za mraba zipatazo 68,800. Anayedhani kwamba kioo kitamwonyesha ziwa zima amedanganywa, au amejidanganya mwenyewe.

Je, fedha zitangulie wapi? Ushauri wangu ni huu.

Kwanza, uhai

Ziwa Victoria lina tabia ya kuchafuka usiku na alfajiri, wakati dhoruba za radi zinapojikusanya juu ya maji. Huo ndio wakati ambao wavuvi wetu wengi wako kazini. Jaketi la kujiokolea kwa kila aliyemo chomboni ndilo liwe la kwanza kwenye orodha, na livaliwe, lisifanywe mto wa kukalia. Linalofuata halina gharama kubwa: kusikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA), ambayo hutoa taarifa za Ziwa Victoria pia. Hakuna mashine inayomlipia deni mvuvi aliyezama.

Pili, ndoano na mshipi

Hapa ndipo samaki anapopatikana au anapopotea, na hapa ndipo wengi wanapobana matumizi pasipostahili. Mnunuzi wa ndoano za migonzo akumbuke kwamba katika ndoano za kawaida namba ikipanda ndoano inapungua ukubwa. Namba 10 ni ndogo kuliko namba 7. Lakini zile zinazoandikwa namba ikifuatiwa na mkwaju na sifuri, kama 2/0 na 4/0, huenda kinyume: namba ikipanda, ndoano inakua. Wapo wanaorudi nyumbani na boksi zima la ndoano zisizofaa kwa kutojua jambo hili dogo.

Ukubwa wa ndoano una uzito hata mbele ya sheria. Sangara aliye chini ya sentimita 50 haruhusiwi kuvuliwa. Ndoano ndogo na chambo kidogo humwita samaki mdogo. Mashine haipimi samaki kwa sentimita. Inamwonyesha kama alama tu. Anayechagua ukubwa wa samaki ni ndoano. Kwa sababu hiyo napendelea ndoano za duara, zile ambazo ncha yake imepinda kuelekea ndani. Mara nyingi hunasa pembeni mwa mdomo badala ya tumboni, hivyo samaki mdogo anaweza kurudishwa majini akiwa hai. Anayetumia mshipi wa mkono na ndoano hizo asivute kwa kishindo. Auache mshipi ukaze wenyewe, kisha avute taratibu.

Kabla ya kuingia ziwani, jaribu ncha ya ndoano kwenye ukucha wa kidole gumba. Ikiteleza, ni butu. Ikikwama, iko tayari. Mgonzo wenye ndoano 300, theluthi yake zikiwa butu, ni sawa na mgonzo wa ndoano 200 uliochambiwa kwa gharama ya 300.

Kwa upande wa mshipi, nailoni ya uzi mmoja hunyumbulika na kusamehe samaki anapopiga kwa nguvu, lakini huchakazwa na jua. Mshipi wa kusuka ni mwembamba zaidi kwa nguvu ile ile na haunyumbuliki, kwa hiyo mkono husikia hata mguso mdogo. Lakini ukisuguliwa na mawe hukatika upesi, na ukivutwa bila kinga hukata vidole. Kwenye maeneo ya miamba, kipande cha nailoni nene karibu na ndoano ni kinga ya bei nafuu. Na fundo la nailoni lilowanishwe kabla ya kukazwa, kwa sababu joto la msuguano huudhoofisha uzi pale pale unapohitajika kuwa imara.

Chambo nacho ni sehemu ya zana. Kambare wadogo wanapendwa kwa sababu wanaweza kuvuta hewa ya juu, hivyo huvumilia ndani ya ndoo kwa muda mrefu na hubaki hai kwenye ndoano. Wafugaji wa samaki wanaosoma kurasa hizi wazingatie hilo: vifaranga vya kambare vina soko kwa wavuvi wa migonzo, si kwa wenye mabwawa peke yao. Aidha, chambo cha bwawani kinapunguza tamaa ya kutafuta furu kwa kokoro, zana ambayo imepigwa marufuku na ambayo hukomba hata sangara wachanga.

Tatu, kujua ulipo

Kabla ya mashine ya kuonyesha samaki, mvuvi apate kifaa cha kumwonyesha yeye mwenyewe yuko wapi. Wengi tayari wanacho mfukoni bila kujua. Simu ya kisasa ina GPS, na GPS hupokea ishara za setilaiti. Haihitaji vocha wala mnara wa simu. Kinachohitaji mtandao ni kupakua ramani, na kazi hiyo ifanyike ukiwa nchi kavu.

Weka alama ya mwalo wako, ya miamba ya hatari, na ya kila mwanzo na mwisho wa mgonzo. Mgonzo usioonekana gizani ni hasara ya ndoano, chambo na samaki, pamoja na mafuta ya kuutafuta. Simu ikae kwenye mfuko usiopitisha maji, ifungwe kwa kamba, na iwe na betri ya akiba. Na kila alama uiandike pia kwenye daftari: tarehe, kina, kilo zilizopatikana. Daftari la mwaka mmoja litamfundisha mvuvi mambo ambayo hakuna kioo kinachoweza kumfundisha kwa usiku mmoja.

Nne, sasa mashine

Aliyekamilisha hayo matatu, na ikabaki fedha, anunue. Lakini anunue akiwa na macho. Sehemu yenye kina kikubwa zaidi ya Ziwa Victoria ina mita zipatazo 80, na wastani wa ziwa zima ni mita 40. Muuzaji anayekusifia mashine inayofika mita 500 anakuuzia kina ambacho ziwa lako halina. Mashine ya kawaida ya kilohezi 200 inatosha. Kitu cha kutazama ni kioo kinachosomeka juani, kinga dhidi ya maji, na upatikanaji wa kichwa cha akiba, kwa kuwa hicho ndicho kinachoumia kikigonga mawe au ufukwe.

Kwenye boti za plastiki na faiba nyembamba, kichwa kinaweza kubandikwa ndani na mlio ukapenya. Kwenye mtumbwi wa mbao haiwezekani, kwa sababu mbao zina hewa inayoua mlio. Kifungwe kwenye mti ubavuni, kizame chini ya kitako cha mtumbwi, mbali na mapovu ya injini, na kiweze kuinuliwa mnapokaribia ufukwe.

Umeme usipuuzwe. Betri ya volti 12 yenye ampea 7 kwa saa, ikiendesha mashine inayokula nusu ampea, kwa hesabu ya karatasi itadumu saa 14. Lakini betri ya risasi ikikaushwa hadi mwisho mara kwa mara hufa mapema. Hesabu saa saba, kisha rudi kuchaji.

Halafu kuna kusoma. Ukingo wa kulia wa kioo ndio wa sasa. Yote yaliyo kushoto yameshapita. Mtumbwi ukiwa umesimama, samaki mmoja aliyetulia chini yako anaweza kuchora mstari mrefu, na mgeni akadhani ni kundi. Wingu zito katikati ya maji laweza kuwa dagaa, na penye dagaa sangara hayuko mbali. Faida kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kuijua sakafu ya ziwa: mahali mwamba unapoinuka na mahali kina kinapobadilika ghafla. Samaki huhama, mwamba hauhami. Ukishauona mara moja na kuuwekea alama, ni mali yako.

Kina chenyewe nacho kina siri. Katika miezi ambayo maji ya ziwa hujipanga kwa tabaka, maji ya chini kabisa hupungukiwa hewa na sangara hupanda juu yake. Pepo za kusi za katikati ya mwaka huyachanganya tena. Mvuvi anayejua kina anaweza kuinua migonzo yake wakati huo badala ya kuilaza mahali ambapo samaki hawezi kuishi.

Hesabu iamue

Wapo watakaosema kwamba mashine inaokoa mafuta, hivyo inajilipa yenyewe. Ni kweli kwa mwenye injini anayezunguka sana. Kwa anayepiga kasia na kurudi sehemu zile zile tatu, wokovu huo ni mdogo. Kila mmoja apige hesabu yake. Tuseme, kwa mfano tu, mashine, betri na sola vina thamani ya kilo 100 za sangara kwa bei ya mwaloni. Ikiongeza kilo moja kwa safari, utahitaji safari 100 kurudisha mtaji, bila riba. Kama ndoano mpya na chambo hai vingeongeza kilo hiyo hiyo kwa sehemu ndogo ya fedha, jibu liko wazi.

Kwa hiyo vyama vya kuweka na kukopa na wengine wanaowakopesha wavuvi wasitoe mkopo wa mashine peke yake. Watoe mkopo wa zana kwa mpangilio: jaketi, ndoano, GPS, ndipo mashine. Wavuvi wa mwalo mmoja wanaweza pia kuanza na mashine moja ya kikundi, wakapima miamba ya eneo lao na kugawana alama, kwa kuwa kazi hiyo haihitaji kioo katika kila mtumbwi. Nao wauzaji wawape wateja maelezo ya Kiswahili na saa moja ya mafunzo majini, si risiti tu.

Mashine hizi zitaendelea kuja na bei zake huenda zikashuka. Lakini ziwa ni lile lile, na sangara hawaongezeki kwa kuonekana. Chombo cha kuona samaki kikiwa mikononi mwa mtu mwenye timba au ndoano za kuvulia wachanga kitaharakisha tu siku ya kurudi mwaloni mikono mitupu. Kikiwa mikononi mwa mtu mwenye zana halali na daftari, kitamsaidia kuvua kwa gharama ndogo na kuacha kitu kwa ajili ya kesho.