Kujiundia FM Hapo Ukunda Si Ngori, Noma Ni Kuirusha Hewani

Kama uko Ukunda, Msambweni ama Kwale mjini na hobi yako ni kufungua redio mbovu uone ndani kuna nini, hii stori ni yako.

Unakumbuka 25 Juni 2025? Mamlaka ya Mawasiliano (CA) ilizima mawimbi ya NTV, KTN na K24 juu zilikuwa zinaonyesha maandamano laivu. Januari 2018 pia TV kubwa zilizimwa, siku Raila alijiapisha Uhuru Park. Sasa swali linajileta: kama wakubwa wanazimwa hivyo, si mtaa ujiundie stesheni yake?

Kuunda ni rahisi

Transista moja, kapasita kadhaa, maiki ndogo, betri ya volti 9 na waya wa kopa uliouzungusha kwa kalamu kama mara tano. Antena ni waya wa sentimita 75, juu kwa 100 MHz wimbi moja lina mita 3, na robo yake ndio hiyo. Ukiwasha, jirani anakushika kwa redio yake. Hapo ndio mwisho wa safari.

Usidharau lakini. Kelvin Doe wa Sierra Leone aliunda stesheni yake na vitu vya jalalani akiwa bado tineja, akajiita DJ Focus. 2012 alikuwa MIT, Marekani.

Noma iko wapi?

Kidude cha transista moja hakitulii. Joto la Diani likipanda, masafa yanahama. Ukikisogezea mkono tu, yanahama. Halafu kinatema mawimbi mahali hukulenga. FM yetu inaishia 108 MHz, na hapo juu tu ni masafa ya ndege. Marubani wanaongea kuanzia 118, na uwanja wa ndege wa Ukunda uko hapo hapo mtaani. Ukikiongezea nguvu ndio usikike hadi Msambweni, uchafu nao unaongezeka. Rubani anayetaka kutua hajui ni hobi yako. Yeye anasikia kelele.

Na kurusha bila leseni ni kosa kwa sheria ya mawasiliano ya 1998. Ni faini ama jela.

Sasa shika hii. Zile TV zilipozimwa 2025, kesi ilipelekwa Korti Kuu na amri ya CA ikasimamishwa. Zilikuwa na leseni, kwa hivyo kulikuwa na haki ya kupigania. Wewe bila leseni utamwambia jaji nini? Stesheni ya kujificha ndio rahisi kuzima kuliko zote. Wanafuata mawimbi hadi mlangoni kwako, wanabeba mtambo, na hakuna mtu atauliza.

Njia iko

Tangu 2009 sheria inatambua redio za jamii. Koch FM ilianzishwa na mayut wa Korogocho 2006, studio ikiwa ndani ya kontena. Hapa kwetu Kwale kuna RANET, ya Idara ya Hali ya Hewa, juu mvuvi wa Gazi anataka kujua bahari ikoje kabla hajasukuma ngalawa.

Kama shida yako ni kujifunza, toa antena uweke rezista ya omu 50, mawimbi mengi yaishie hapo mezani. Ama omba CA leseni ya redio ya amateur. Ukipata, unaruhusiwa kuunda mitambo yako na kuongea na wasee wa nchi zingine, bora usipige ngoma.

Lakini kama unataka mtaa usikike, hiyo si kazi ya msee mmoja na betri. Base Titanium ilimaliza kuchimba hapa Kwale Desemba 2024. Maswali ya ardhi na pesa za madini bado yako, na yanafaa kujadiliwa hewani na wenyeji, kwa Kidigo na Kiswahili. Mbogi ikijisajili kama kikundi na kuomba masafa, CA lazima ijibu. Hata wakikataa, mtakuwa na barua ya kupeleka kortini.

Wewe uko na mbogi ya kuanza nayo?