Dawa ya Chupa Si Tiba ya Injini Kuukuu

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wahenga waliotuachia methali hii hawakuwa na magari, lakini lau wangezuru maduka yetu ya vipuri na vituo vyetu vya mafuta leo, wangepata mengi ya kuwakumbusha usemi wao. Rafu zimejaa vichupa vya kila rangi vinavyodaiwa kuongeza nguvu za injini, kupunguza moshi, kusafisha nozeli na kuokoa dizeli, yote hayo kwa mmimino mmoja tu katika tangi. Madereva wamekwisha kuvibandika jina la "dawa", na mteja mkubwa wa dawa hizo ni mwenye gari kuukuu, ambaye hana fedha za kununua jipya wala hana raha na lile alilo nalo.

Miongoni mwa wateja hao zimo shule zetu. Kenya hairuhusu kuingizwa nchini kwa magari yaliyokwisha kutumika ambayo umri wake umepita miaka 8, lakini kanuni hiyo haiyagusi yale ambayo tayari yamo barabarani. Si haba mabasi ya shule yanayoendeshwa kwa injini zilizoundwa kabla ya wanafunzi wanaoyapanda kuzaliwa. Ongezea hapo jenereta na trekta la shamba la shule. Fedha zinazonunua dizeli, na pamoja nayo hizo dawa, ni karo iliyotoka kwa mzazi aliyeuza mbuzi au majani chai. Kwa hivyo swali la kutumia viongezo hivi ama kutovitumia si la makanika peke yake. Linamhusu mwalimu mkuu na mhasibu wake, na nitaonyesha kwamba linamhusu pia mwalimu wa kemia na wanafunzi wake.

Msimamo wangu ni kwamba shule haina haja ya kutia dawa katika dizeli kama ada ya kila wiki. Viongezo vichache vina kazi ya kweli, tena kazi mahususi, na havistahili kununuliwa kabla ya kujulikana ni ugonjwa gani unaotibiwa.

Tuanze kwa kuwapa haki yao wale wanaovitetea, maana hofu yao kubwa haikuzuka hivi hivi. Mafundi wengi husema kwamba dizeli ya siku hizi ni "kavu", kwamba haiilainishi pampu kama ile ya zamani. Maneno hayo yana asili ya kweli. Sweden ilipoanza kutumia dizeli yenye salfa kidogo mno mapema katika miaka ya 1990, pampu za magari zilianza kuharibika. Huko Marekani nako, kiwango cha salfa kiliposhushwa mnamo Oktoba 1993, magari ya zamani yalianza kuvuja dizeli kwa sababu mipira ya kuzibia katika pampu zake, iliyokuwa imezoea dizeli ya aina nyingine, ilinywea. Sisi katika Afrika Mashariki tulifuata njia hiyo Januari 2015, tulipoteremka hadi dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa kila milioni, kutoka 500 za hapo awali.

Hata hivyo, aghalabu wasimulizi wa kisa hiki huishia katikati. Kwanza, si salfa yenyewe iliyokuwa ikilainisha pampu. Ili kuiondoa salfa, dizeli hupitishwa pamoja na haidrojeni penye joto na shinikizo kubwa, na katika shughuli hiyo huondoka pia kemikali nyingine, zenye oksijeni na naitrojeni, ambazo ndizo zilizokuwa zikijipaka juu ya chuma na kukikinga kisisagike. Pili, wataalamu hawakukaa kitako wakitazama pampu zikifa. Walibuni kiongezo cha kulainisha na kuanza kukitia katika dizeli kabla haijamfikia mnunuzi. Wakabuni na kipimo: kijipira cha chuma husuguliwa juu ya kibati ndani ya dizeli yenye joto, kisha kovu lililobaki kwenye kijipira hupimwa kwa hadubini. Ulaya haikubali kovu linalozidi maikromita 460. Marekani, tangu 2005, haikubali linalozidi 520. Kwa maneno mengine, dizeli halali yenye salfa kidogo huwa imekwisha kutiwa dawa yake. Anayemimina kichupa cha pili anampa chanjo mtoto aliyekwisha kuchanjwa.

Hapa msomaji ataniuliza: na dizeli isiyo halali je? Swali hilo ni zito. Nchi yetu imewahi kuteseka kwa wafanyabiashara waliochanganya mafuta taa na dizeli kwa tamaa ya faida, hata Serikali ikalazimika mwaka 2018 kuyatoza mafuta taa ada ya shilingi 18 kwa lita ili kuvunja uchu huo. Mafuta taa ni mepesi kuliko dizeli, na hulainisha kwa uchache zaidi. Pampu zinazoumia kwanza ni zile za mzunguko, ambazo sehemu zake zote za ndani hutegemea dizeli yenyewe kwa ulainisho. Zile kubwa za zamani, ambazo vibomba vyake vimepangwa kwa mstari mmoja, hustahimili zaidi kwa kuwa mhimili wake huogelea katika oili. Ikiwa basi la shule lina pampu ya mzunguko, na ikiwa halina budi kununua dizeli mahali pasipoaminika, basi kiongezo cha kulainisha kina hoja. Lakini dawa bora ya dizeli chafu ni kutoinunua. Shule inayonunua katika kituo kimoja kinachoaminika, ikadai risiti na kuihifadhi, imejikinga kuliko inayobeba katoni nzima ya vichupa.

Kuna aina ya pili ya viongezo, ile ya kupandisha kiwango cha seteni, yaani wepesi wa dizeli kuwaka inapokutana na hewa moto ndani ya silinda. Ulaya hudai kiwango kisichopungua 51, Marekani 40. Kiwango kikiwa chini mno, injini huwa ngumu kuwaka asubuhi na hugonga kama nyundo. Kiongezo huweza kusaidia hapo. Lakini injini ikishapata kiwango inachokihitaji, kuongeza zaidi hakuipi nguvu mpya, kama vile mtu aliyeshiba hapati nguvu kwa kulazimishwa sahani ya tatu ya ugali.

Aina ya tatu ni sabuni za kusafisha nozeli. Hizi nazo si uongo mtupu. Masizi yanapojikusanya kwenye matundu membamba ya nozeli, dizeli haitoki tena kama ukungu bali hudondoka, na sabuni nzuri huweza kuyalegeza masizi hayo. Isichoweza ni kurudisha chuma kilicholika. Nozeli iliyopanuka haizibwi kwa sabuni, ringi za pistoni zilizokwisha hazifufuki kwa sabuni, na pampu iliyochoka hairudii ujana wake kwa sabuni. Na hayo ndiyo maradhi ya injini kuukuu.

Ni muhimu basi kusoma dalili kabla ya kutaja tiba. Moshi mweusi ni dizeli iliyozidi hewa: huenda chujio la hewa limeziba, nozeli zimeharibika au pampu inamwaga kupita kiasi. Moshi wa samawati ni oili inayoungua pamoja na dizeli, ishara ya ringi au vali zilizolika. Moshi mweupe usiokoma hata injini inapopata joto ni dizeli isiyowaka au maji yanayoingia ndani. Nchini mwetu kuna sababu nyingine ambayo husahauliwa, nayo ni mwinuko. Basi linalopanda kutoka Nakuru hadi Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari, huvuta hewa haba kuliko lile la Malindi. Injini ya zamani isiyo na turbo, ambayo pampu yake ilirekebishwa kwa ajili ya pwani, haina budi kutoa moshi mweusi huko juu. Hakuna chupa iwezayo kuongeza oksijeni ya Timboroa. Fundi wa pampu anaweza kupunguza dizeli, na shida ikapungua.

Jambo hili la moshi si la mzaha. Juni 2012, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba moshi wa injini za dizeli husababisha saratani kwa binadamu. Mtoto anayeketi kiti cha nyuma cha basi linalofuka moshi kila asubuhi anavuta hewa hiyo bila ya kuulizwa. Shule inayonunua kichupa na kujiliwaza kwamba imechukua hatua huku nozeli zikiendelea kudondosha, imemdhulumu mtoto huyo mara mbili: imetumia karo yake, na imemwachia moshi wake.

Zaidi ya hayo, baadhi ya michanganyiko ina madhara. Viongezo vyenye alkoholi nyingi huyachanganya maji na dizeli yapate kupita kwenye chujio, ilhali maji hayo yakifika kwenye ncha ya nozeli yenye joto kali huweza kugeuka mvuke ghafla na kuipasua. Petroli inayotiwa "ili injini iwe nyepesi" huifanya dizeli kushika moto kwa urahisi wa kuhatarisha, jambo ambalo si la kujaribiwa na gari lililobeba watoto. Oili iliyokwisha kutumika, ambayo wengine huimimina tangini kwa kubana matumizi, huleta majivu na vumbi la chuma kwenye pampu ile ile wanayotaka kuiponya.

Wapo watakaoniambia: "Mwalimu, mimi nilitia na gari likabadilika." Simbishii mtu aliyoyaona. Ninauliza tu ni nini kingine kilichobadilika siku hiyo. Mara nyingi dawa hutiwa siku ambayo chujio limebadilishwa na dereva ameonywa juu ya matumizi. Nani basi aliyeponya? Huko Marekani, idara ya serikali ya kulinda mazingira imepima zaidi ya vifaa na viongezo 100 vilivyodaiwa kuokoa mafuta, na vichache mno ndivyo vilivyoonyesha faida yoyote, tena ndogo.

Hapa ndipo ninapowaita walimu na wanafunzi. Chukua kichupa ambacho bei yake ni sawa na lita 2 za dizeli, nacho chatibu tangi la lita 40. Shule imelipia lita 42. Ikiwa basi lilikuwa likienda kilomita 240 kwa tangi, sasa ni lazima liende 252 ndipo shule isipate hasara, na lipite hapo ndipo ipate faida. Hiyo ni hesabu ambayo mwanafunzi yeyote wa sekondari aweza kuifanya ubaoni. Kisha darasa lifanye jaribio: tangi lijazwe hadi shingoni, njia iwe ile ile, abiria wawe idadi ile ile, dereva awe yule yule na asiambiwe lini dawa imetiwa. Lirudiwe mara tatu na dawa, mara tatu bila dawa, na matokeo yaandikwe daftarini. Somo la namna hiyo litamfaa mwanafunzi maisha yake yote, kwa sababu wauzaji wa miujiza hawako katika biashara ya dizeli pekee.

Kwa wakuu wa shule, ushauri wangu ni mfupi. Maji yaliyotuama chini ya chujio la dizeli yamwagwe kila wiki. Chujio lenyewe libadilishwe kwa wakati, pamoja na la hewa. Tangi lisiachwe nusu likizo nzima, kwa kuwa unyevu hutonesha maji ndani yake na vijidudu huota. Nozeli zipelekwe kwa fundi mwenye mashine ya kuzipima, na mipira ya pampu inayovuja ibadilishwe. Baada ya hayo yote, ikiwa fundi ataonyesha kasoro ambayo kiongezo fulani kimeundwa kuirekebisha, kinunuliwe kwa jina la kazi yake na kitumiwe kwa kipimo kilichoandikwa. Kichupa kinachodai kutibu kila kitu kiachwe dukani.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wa injini huzibwa kwa spana. Bodi za shule zinapokutana kukagua hesabu za muhula, naziomba ziulize swali moja kabla ya kuidhinisha malipo ya dawa hizi: ni nani aliyepima, na alipata nini? Pasipokuwa na jibu, fedha hizo zinunue chujio.