Usiiachie simu ikuchagulie mtandao



Hapa Kalenga nyanya na vitunguu vinauzwa kwa simu. Dalali anapiga, bei unaulizia WhatsApp, malipo yanaingia kwa M-Pesa au Airtel Money. Mtandao ukisumbua tunalaumu kampuni, na wengine wanasema dawa ni kununua simu ya bei kubwa. Mimi sikubaliani nao. Mara nyingi shida ni kwamba tumeiachia simu ijichagulie, wakati simu haijui wewe unataka kufanya nini.

Simu inachaguaje? Kwanza, hutafuta mnara wa kampuni ya laini yako. Kwa kawaida haihamii mnara wa kampuni nyingine, hata kama uko karibu zaidi. Pili, ikipata 4G huing'ang'ania hata ikiwa dhaifu, wakati 3G au 2G ya hapo hapo ina nguvu. Tatu, ikikuta waifai uliyowahi kujiunga nayo, intaneti hupitia huko na bando lako hukaa tu. Vile vijistari vya waifai vinaonyesha nguvu kati ya simu na kifaa cha waifai. Havikuambii kama intaneti yenyewe ipo.

Kwa hiyo chagua wewe:

1. Ukiwa na laini mbili, jaribu zote shambani kwako, si mjini Iringa. Bondeni kando ya Ruaha Mdogo na juu mlimani mtandao haufanani. Laini inayoshika vizuri iweke ya kupigia na ya intaneti. Simu nyingi hazibadilishi laini ya intaneti zenyewe.

2. Menyu ya pesa ya kubonyeza nyota haihitaji bando wala 4G. Ndiyo maana kitochi hutuma pesa bila shida. Kwenye simu janja ikikatika katika, ingia setingi, kwenye aina ya mtandao, chagua 3G au 2G. Ukimaliza, irudishe 4G.

3. Waifai ikionyesha imeunganishwa lakini ujumbe hauendi, izime, utumie bando.

4. Mtandao dhaifu hula chaji, kwa sababu simu hutumia nguvu nyingi kuufikia mnara. Kama huna shughuli ya intaneti, zima data.

La mwisho ndilo linalogusa mfuko. Muamala ukikwama usiurudie haraka. Angalia salio na ujumbe kwanza, maana hela ya mbolea inaweza kwenda mara mbili. Na wewe unayeuza, usipakie matenga kwenye gari kwa kuonyeshwa kioo cha simu ya mnunuzi. Mtandao wako ukiwa mzito, sogea panaposhika, fungua salio lako mwenyewe, ndipo upakie. Gari likishaondoka, kuidai hela hiyo ni kazi nyingine.

Leo jioni ingia setingi za simu yako uone imepangwaje. Haikugharimu hata shilingi.