Warefu, msikubali kupimwa fimbo kwa kidevu!

Alhamisi, saa nne usiku, bwenini

Najua wengine mnapambana na majaribio wiki hii, na wengine mnasubiri boom kama wakulima wanavyosubiri mvua. Ni kwa ajili ya hilo boom nimeamua kuandika leo. Kuna kautapeli kameingia kwenye vijiwe vyetu vya pool, na safari hii wanaolengwa ni watu warefu. Nimenyamaza wiki mbili nzima... basi, leo nasema.

Mambo yenyewe yako hivi. Mtu mrefu akianza kujifunza pool au snuka anakosakosa, kama sisi wote tulivyokosakosa mwanzoni. Badala ya kuambiwa afanye mazoezi, anaambiwa fimbo ndiyo fupi. "Kaka, kwa urefu huo fimbo za hapa hazikufai." Kisha anasimamishwa kama anapimwa suti, fimbo inawekwa wima pembeni yake, na hukumu inatoka: fimbo sharti ifike kidevuni! Isipofika, anunue ndefu. Na cha ajabu, mtoa hukumu siku zote anamfahamu mtu anayeuza.

Rumeti wangu ana futi sita na inchi nne, yaani kama sentimita 193. Kaanza pool muhula huu tu, na tayari ameshapigiwa hesabu ya fimbo "maalumu" ambayo itakula nusu ya hela yake ya msosi. Akitoka hapo anakutana na kundi la pili, lile la watani: "We twiga, huu mchezo siyo wako, kacheze kikapu." Kundi la kwanza linataka hela yake, la pili linataka aondoke, na yote mawili hayajui yanachokisema.

Tuanze na hicho kidevu. Hivi nani kati yenu amewahi kupiga mpira mweupe huku fimbo imesimama wima? Mkongojo wa babu unapimwa kwa kimo, sawa, kwa sababu babu anausimamia. Fimbo ya pool HAISIMAMI, INALALA. Inalala juu ya meza, imeshikwa mbele na nyuma na mtu aliyeinama. Kinachoamua urefu wake ni mikono, mabega, na namna unavyoinama. Umbali kutoka kisigino hadi kidevu hauhusiki hata kidogo. Kuna watu warefu ambao urefu wote uko miguuni na mikono yao ni ya kawaida tu, na kuna wafupi wenye mikono kama ya mpiga makasia. Ukiwapima wote kwa kidevu, utawaharibia wote.

Sasa tuseme ukweli wa kiwandani. Fimbo nyingi za pool na snuka zinatengenezwa kwa inchi 57 au 58, yaani kama sentimita 145 hadi 147. Hizo ndizo wanazochezea watu wa vimo vyote. Hata kanuni za snuka zinachodai ni kwamba fimbo isipungue futi tatu na ibaki na umbo lake la asili, nene nyuma na nyembamba mbele. Hakuna ibara ya kidevu.

Kipimo cha kweli kipo, na ni BURE. Weka mpira mweupe mezani, inama kama unataka kupiga, sogeza ncha ya fimbo mpaka ikaribie kabisa kuugusa mpira. Mkono wa mbele, ule unaotengeneza daraja, uwe kama sentimita 25 kutoka kwenye mpira. Halafu mwambie mshkaji wako asimame ubavuni akutazame mkono wa nyuma. Kuanzia kiwiko hadi ngumi uwe unaning'inia wima, kama timazi ya fundi mwashi. Ukishakaa hivyo, usibadilishe kitu, angalia tu ngumi yako imeangukia wapi.

Kama imeshika mti na nyuma yake kumebaki hata vidole viwili vitatu vya fimbo, umemaliza, fimbo hiyo inakutosha, hata kama wewe ni mrefu kama mnazi. Kama ngumi imefika mwisho kabisa, au ili mkono uwe wima inabidi ushike hewa, hapo kweli fimbo ni fupi kwako. Basi unatafuta ya inchi 59 au 60, au unafunga kiungio kifupi kwa nyuma. Sikatai kwamba wapo warefu wanaohitaji hivyo. Ninachokataa ni mtu kuuziwa KABLA ya kupimwa mezani.

Jumamosi tulimpima rumeti kwa fimbo ya inchi 58 ya mshkaji mmoja wa ghorofa ya chini. Mkono ukawa wima, na nyuma ya ngumi zikabaki kama sentimita nne. Kesi imefungwa! Tukamrudisha kwenye fimbo za kijiweni, ngumi ikaning'inia nje. Tukaazima futikamba kwa jamaa wa uhandisi, tukaipima ile fimbo anayopewa kila siku... inchi 52! Kumbe tatizo siyo urefu wake. Tatizo ni kwamba fimbo ilishavunjika mbele, ikakatwa, ikabandikwa ncha mpya ya ngozi, ikavunjika tena, ikakatwa tena, na bado mchezo mmoja tunalipia bei ileile.

Hapa ndipo hasira yangu inapokaa. Mtu anapewa kipande cha fimbo, anashindwa, halafu analaumiwa mwili wake. Sisi wafupi hatuoni kwa sababu kipande hicho kinatutosha. Mrefu akikishika inabidi akunje mikono yote miwili na mgongo juu, anapiga kama anachimba dawa, na watu wanacheka.

Najua kuna mjuaji atasema: mbona wacheza snuka wa kulipwa wanaonekana kwenye luninga wakiunganisha fimbo ndefu? Ni kweli, bwana. Lakini wanacheza kwenye meza ya futi 12 kwa 6, na kiungio kile wanakifunga pale mpira ulipo mbali, wakimaliza wanakitoa. Sisi meza zetu ni za futi saba. Ukifunga urefu wa ziada muda wote, mzani wa fimbo unabadilika, kitako kinakuwa kizito, na kwa mtu anayejifunza huo ni mzigo mwingine. Na kuta je? Inchi mbili za ziada ni sentimita tano. Kwenye vyumba vyetu, ambako kuna pembe huwezi kupiga bila kuinua kitako cha fimbo ili usigonge ukuta, hizo tano utazilipia kila ukikaa upande wa dirishani.

Sasa nini hasa kinachomsumbua mrefu? Kimo cha meza. Meza ya snuka kwa kanuni inatakiwa iwe na kimo cha kati ya sentimita 85 na 88 hivi kutoka sakafuni, iwe anacheza twiga au sungura. Kwa hiyo mrefu ana safari ndefu zaidi ya kushuka, na wengi hawashuki, wanapinda mgongo tu juu juu. Fimbo ndefu haitatibu hilo hata ikiwa ya mita mbili. Dawa yake ni kupanua miguu zaidi ya sisi wengine, kukunja goti la mbele, hata yote mawili ikibidi, na kushusha kichwa mpaka uone fimbo na mpira viko kwenye mstari mmoja. Hapo ndipo kidevu kinapopata kazi yake: kinakaa karibu kabisa na fimbo. Kazi yake nyingine ni kuota ndevu.

Na nyie wa "kacheze kikapu", ngojeni niwaambie. Kanuni inataka mguu mmoja angalau uwe unagusa sakafu wakati wa kupiga. Mpira ukikaa katikati ya meza kubwa, mfupi ananyoosha mpaka anakaribia kuogelea, mwishowe anaomba kiegemeo. Mrefu anainama tu na kupiga. Urefu ni mtaji kwenye mchezo huu. Mnamfukuza mtu ambaye akipata fimbo nzima na miezi mitatu ya mazoezi atawaondoa mezani mmoja mmoja, labda ndiyo maana mnamfukuza!

Kwa hiyo, warefu wa chuo hiki, kaka na dada (maana madada warefu nao wanaambiwa hayohayo, tena kwa maneno mabaya zaidi): boom likitoka msikimbilie fimbo. Jipimeni mezani kwanza. Mkilazimika kununua, itazameni fimbo kwa jicho moja kama seremala anavyotazama ubao, ikiwa imepinda rudisha, haijalishi ni ndefu kiasi gani. Na wenye vijiwe, hela zetu mnazila kila jioni. Nunueni fimbo mbili tu nzima, mziweke pale ukutani. Hatuombi hisani, tunalipa.

Wafupi wenzangu, siku mrefu akiingia kijiweni, mwachieni ile fimbo ndefu kuliko zote. Nyie zilizokatwa zinawatosha, acheni uchoyo.

Jumamosi saa kumi nitakuwa kijiweni na futikamba. Mwenye ubishi aje nayo fimbo yake, tuipime hadharani. Nawasilisha!