Mikopo ya Goma na Bukavu: banki zikifunga milango, hasara inabebwa na nani?

Tangu Goma ilipoingia mikononi mwa AFC/M23 mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari, mazungumzo mengi juu ya banki yamekuwa juu ya akiba: mtu atapata namna gani feza alizoweka? Swali hilo ni la haki. Lakini daftari la banki lina kurasa mbili. Banki zilizofunga milango hazikuacha nyuma akiba tu. Ziliacha pia mikopo. Mwenye duka la vitenge Birere, mwenye depo ya vinywaji Kadutu, mwalimu aliyekopa juu ya mshahara wake: wote wana deni ambalo bado limeandikwa katika kompyuta za makao makuu, mbali na Kivu.

Deni hilo linamgusa hata mtu ambaye hakukopa. Feza ambazo banki inakopesha ni za wenye akiba. Wakopaji wengi wakishindwa kulipa kwa mara moja, banki inakula kwanza mtaji wake, na mtaji ukiisha, akiba za watu ndizo zinakuwa hatarini.

Mlango umefungwa, hesabu inaendelea

Mkopo wa banki katika Kivu umesimama kwa kawaida juu ya moja ya nguzo mbili. Ya kwanza ni mshahara: mtumishi wa serikali analipwa kupitia banki, na banki inakata sehemu yake kabla hajagusa kitu. Ya pili ni mali: mfanyabiashara anaweka hati ya kiwanja au nyumba.

Vita imetikisa zote mbili. Mshahara ukichelewa au ukikosa njia ya kumfikia mtu, makato nayo yanasimama. Nyumba iliyowekwa dhamana katika mji ambako bei zimeanguka, na ambako tribinali hazifanyi kazi kama zamani, haiuziki kwa urahisi. Karatasi ya dhamana ipo, lakini nguvu yake imepungua.

Juu ya hayo kuna dola. Zaidi ya asilimia 80 ya akiba katika banki za Kongo iko katika feza za kigeni, na mikopo mingi inafuata njia hiyo hiyo. Muuzaji anayepokea franka za Kongo, au franka za Rwanda karibu na mpaka, anapaswa kutafuta dola kwa wabadilisha feza wakati noti zenyewe zimekuwa haba. Anayelipa kwa simu anakutana na komisyo. Anayevuka kwenda Gisenyi kutafuta banki anaongeza nauli na hatari ya njiani. Kila hatua inakata kipande cha deni kabla halijalipwa.

Kwa upande wa banki, saa haisimami. Kanuni inayotumiwa duniani ni kwamba mkopo uliopita siku 90 bila kulipwa unahesabiwa kuwa mbaya, na banki inapaswa kutenga feza za kufunika hasara. Wakati huo, kama hakuna mapatano mapya, riba inaweza kuendelea kuhesabiwa juu ya mtu ambaye hana hata dirisha la kulipia.

Mayai katika kapu moja

Banki inajikinga kwa kugawa mikopo: kidogo kwa kahawa, kidogo kwa ujenzi, kidogo kwa usafiri, kidogo kwa mishahara. Mmoja akianguka, wengine wanamfunika. Ndiyo hesabu ya likelemba pia: mtu mmoja akifiwa mwezi huu, wenzake tisa wanabeba.

Shida ni kwamba hesabu hiyo ina nguvu tu kama watu hawaanguki siku moja. Goma inalijua jambo hili kuliko miji mingi. Januari 2002 moto wa Nyiragongo uliunguza sehemu kubwa ya katikati ya mji. Duka la dawa na duka la simenti viliungua pamoja. Machi 2020, mpaka na Rwanda ulipofungwa kwa sababu ya Covid-19, biashara ndogo ya Goma na Gisenyi ilisimama kwa wote. Mei 2021 volkeno ikarudi. Januari 2025 ikawa vita. Kwenye karatasi mikopo ilikuwa ya kazi mbalimbali. Kwa kweli yote ilikuwa na hatari moja inayoitwa Goma.

Marekani walijaribu kuuza hatari

Kosa hilo si la Kivu peke yake. Mwaka 1994, banki ya JP Morgan ilikuwa imefungulia kampuni ya mafuta ya Exxon mkopo mkubwa, baada ya Exxon kukabiliwa na madai ya mabilioni kwa sababu ya mafuta yaliyomwagika Alaska mwaka 1989. JP Morgan haikutaka kumkatalia mteja, na haikutaka kubeba hatari peke yake. Ikapatana na Banki ya Ulaya ya Ujenzi na Maendeleo: hiyo ipokee malipo ya kila mwaka, na Exxon ikishindwa, ilipe hasara. Mkopo ulibaki JP Morgan. Hatari ilihamia London.

Mikataba ya namna hiyo ndiyo inayoitwa derivati za krediti. Ilipotumiwa kwa kiasi, ilisaidia. Lakini mwaka 2007 thamani ya madeni yaliyoandikwa katika mikataba hiyo ilikuwa imepita dola trilioni 50. Kampuni ya bima AIG ilikuwa imeahidi kufunika hasara za mikopo ya nyumba bila kuweka pembeni feza za kutosha, ikiamini kwamba bei za nyumba haziwezi kushuka Marekani nzima kwa wakati mmoja. Zilishuka. Tarehe 16 Septemba 2008 serikali ya Marekani ililazimika kuipa AIG mkopo wa dola bilioni 85 ili isianguke.

Kuhamisha hatari hakuiondoi duniani. Kuna faida tu kama anayeipokea ana mabega mapana, na kama yeye mwenyewe hakai chini ya volkeno ile ile.

Afrika ina nini?

Bara halikubaki mikono mitupu. Mwaka 2018 Banki ya Maendeleo ya Afrika ilichukua mikopo yake yenye thamani ya dola bilioni 1, ikabaki na kipande cha kwanza cha hasara, kisha ikawalipa wawekezaji, kati yao Mariner ya Marekani na Africa50, wabebe kipande kilichofuata. Banki hiyo ilieleza kwamba mpango huo uliifungulia nafasi ya kukopesha dola milioni 650 zingine.

Nairobi kuna ATIDI, shirika la bima ya biashara na uwekezaji ambalo Kongo ni mwanachama wake, na kuna Mfuko wa Dhamana wa Afrika, unaodhamini sehemu ya mikopo ya kampuni ndogo na za kati. Kinshasa kuna FOGEC, mfuko wa serikali wa kudhamini wajasiriamali. Lakini dhamana inanunuliwa kabla ya balaa. Hakuna anayeuza bima ya nyumba ambayo moshi umeanza kutoka. Kwa mikopo ya Kivu ambayo haikudhaminiwa kabla ya Januari 2025, mlango huo umefungwa.

Kinachobaki ni mapatano

Njia iliyobaki ni kupanga upya madeni, na kuna mfano wa nyumbani. Mwaka 2020, wakati wa Covid-19, Banki Kuu ya Kongo ililegeza kanuni za kuhesabu mikopo mibaya na kuzitia moyo banki kurefusha muda wa kulipa. Hatua kama hiyo kwa Goma na Bukavu isingefuta deni. Ingesimamisha faini na kumpa mkopaji tarehe anayoweza kuifikia. AFC/M23 ilifungua tena CADECO mjini Goma mwezi wa Aprili 2025, lakini dirisha hilo haliwezi kupanga upya deni lililo katika banki nyingine.

Bila mapatano, wanaoshinda ni wakopeshaji wa barabarani, wale ambao wakaaji wanawaita Bank Lambert, ambao riba yao ya mwezi mmoja inaweza kupita ile ambayo banki inaomba kwa mwaka. Kukopa huko ili kulipa banki ni kuzima moto kwa petroli. Mwenye deni ana faida ya kutunza kila risiti, kila ujumbe wa malipo ya simu na nakala ya mkataba wake, na kuandikia makao makuu ya banki akiomba muda kabla faini hazijapandana.

Siku banki zitakapofungua tena, ofisa wa mikopo ataangalia orodha ya wasiolipa kabla ya kumpa mtu dola moja. Kama orodha hiyo itawaweka pamoja aliyekataa kulipa na aliyekosa mahali pa kulipia, Kivu italipa riba ya juu kwa miaka mingi kwa kosa ambalo wafanyabiashara wake hawakulifanya.