Miguu yetu, sura yetu, pesa zao

Ndugu zangu, tusidanganyane eti skolashipu inatosha. Mwaka 1978 Henry Rono, Mkenya aliyekuwa akisoma Washington State, alivunja rekodi 4 za dunia ndani ya siku 81, na sheria za NCAA zikimkataza mwanafunzi kuuza hata jina lake. Ruhusa ilikuja Julai 2021. Leo Wamarekani wanasaini matangazo; vijana wetu wa viza ya F-1 wanaogopa, maana viza hiyo inabana kazi za malipo. Kwenye mabango ya chuo lakini wamo! (Mimi ni muuguzi: goti likiharibika haliulizi viza.) Vyuo vinavyoijua njia ya Eldoret kutafuta wakimbiaji, vinashindwaje kuiona njia ya Bunge la Marekani kudai sheria hiyo irekebishwe?