Sahani Ziimbazo na Wasomi Wasiosikia

Husemwa katika madarasa yetu ya fasihi, tena bila haya, kwamba wimbo ukiisha kuandikwa katika karatasi umehifadhiwa. Neno hili nalikanusha. Wimbo wa karatasi ni kama samaki mkavu: miiba yake yahesabika, lakini jinsi alivyoogelea haijulikani tena.

Mwaka 1928 mambo mawili makubwa yaliifikia lugha ya Kiswahili. Mombasa, mkutano wa serikali za kikoloni ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Bombay, Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba aliyepata kuuza vyungu, alikiimba Kiunguja hicho hicho pamoja na wenzake ili sauti yake itiwe katika sahani za santuri za His Master's Voice. Jambo la kwanza hufundishwa na kutahiniwa. La pili huachiwa wapenda burudani. Je, ni kwa kuwa la kwanza lilitendwa na wenye vyeo, na la pili na mwanamke wa ukoo wa watumwa? Kama sababu si hiyo, na itajwe iliyo bora.

Sahani ya zama zile ilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande wake mmoja ulichukua dakika tatu au zaidi kidogo. Wimbo uliozoea kunyooshwa usiku barazani ulipaswa kuingia katika nafasi finyu. Ubeti upi ubaki? Kiitikio kirudiwe mara ngapi? Udi na fidla vipewe muda gani? Kila jibu lilikuwa uamuzi wa kisanaa, na ushahidi wa uamuzi huo umo katika sahani, haumo katika daftari. Humo pia mna matamshi, mvuto wa irabu, na mahali mwimbaji aliposhika pumzi. Mwanafunzi ahesabuye mizani kwa vidole, asisikie jinsi sauti ilivyoigawa mizani hiyo, amepima nguo bila kumwona mvaaji.

Wako watakaosema kwamba sahani hizo zimekwaruzika. Kweli, lakini miswada yetu ya kale nayo imetobolewa na wadudu, na kila tundu twalisoma kwa heshima. Kwa nini sikio linyimwe subira ambayo jicho limepewa?

Wengine watasema kwamba mali hii imo mikononi mwa wakusanyaji wa ng'ambo. Mwaka 2007 Topic Records ya London ilitoa albamu iitwayo Poetry and Languid Charm, mkusanyo wa muziki wa Kiswahili wa Tanzania na Kenya wa miaka ya 1920 hadi 1950, kutokana na hazina ya sauti ya British Library. Ni walimu wangapi wa ushairi wameitia katika orodha ya masomo yao? Haki ya kudai tunayo, wala sitaki ipunguzwe. Lakini mwenye kudai hutakiwa kwanza akijue anachokidai, na aliyeokota hashtakiwi kabla ya aliyetupa kuulizwa.

Mwaka 2028 safari ile ya Bombay itatimiza miaka mia moja. Nachelea tutaiadhimisha kwa hotuba, picha moja ukutani, na sifa zilizonakiliwa kutoka wasifu aliouandika Shaaban Robert, kana kwamba kumsoma Siti ni badala ya kumsikia. Maadhimisho ya namna hiyo yatakuwa mazishi ya pili.

Yafanywe mambo mawili ya kazi. Kila mwanafunzi wa ushairi asikilize upande mmoja wa sahani na kuunakili kwa sikio lake mwenyewe, kisha aulinganishe na maandishi. Na kila idara ya Kiswahili ipeleke watu Unguja, Mombasa, Lamu na Tanga, wabishe hodi kwa wazee na kuuliza kwa adabu kilichomo katika masanduku yao. Sahani hizo zilifanywa kwa shelaki, nayo huvunjika kama kigae. Hazitangoja tumalize kubishana kama zinastahili kuitwa fasihi.